Kuzima si Kufukia

Fundi Msafiri alisema kadi ya Wi-Fi imekufa, na fundi akishasema kitu kimekufa, nani atambishia? Sinyati alimbishia. Mfu gani huyu, alimuuliza kwenye kitochi, kisimu chake cha vitufe, anayetembea upande mmoja na kulala upande wa pili? Maana laptopu yake ilikuwa na mifumo miwili, Windows na Linux, unachagua mmoja unapowasha. Upande wa Windows, Wi-Fi ilishika vizuri tu. Upande wa Linux halikuonekana jina la mtandao hata mmoja. Msafiri akacheka, akamwambia asubiri kadi mpya kutoka Dar, siku tatu.

Siku tatu! Ilikuwa saa mbili asubuhi, na saa nne kamili Sinyati alikuwa na usaili kwa njia ya mtandao. Mradi wa umwagiliaji ulitaka mchora ramani, na ulisema wazi: ufungue ramani yako mbele yetu, uifanyie kazi tukiona. Yake ilikuwa ya mifereji ya Kikwe, kijijini kwao, aliyoizunguka kwa miguu msimu mzima, na programu yake ilikuwa upande wa Linux peke yake. Simu yake ya maana, ambayo ingemgawia intaneti, ilitumbukia kwenye mojawapo ya mifereji hiyo. Tangu amalize chuo alikuwa amejitolea miaka miwili huku na kule, akilipwa ahsante. Mradi huu alikuwa ameuomba mara tatu ndipo wakamwita. Akiukosa leo, basi tena.

Akafanya yote anayoyajua. Draiva ipo. Kadi haijafungwa kwa kitufe. Kwenye orodha inaonekana, imekaa kimya kama mgeni aliyenuna. Akaingia Windows, akazima, akawasha upande wa Linux. Hakuna. Akazima tena, akawasha tena. Hakuna. Na jana mchana ilikuwa inafanya kazi! Tangu hapo hakugusa kitu, ila jioni aliingia Windows kuchapa barua, nayo ikajisasisha. Saa tatu ikapita. Asikudanganye mtu, aliogopa.

Ndipo ugomvi ukaanza uani. Bi Twahira, mwenye nyumba, ambaye wapangaji wake wa pale Lemara humjua kwa sauti kabla ya sura, alikuwa akimsema mkwewe Chiku. Alikuwa amemwagiza azime jiko la mkaa, kisha akalibeba mwenyewe kulirudisha ndani, likamuunguza vidole.

"Nilikwambia zima," alisema Bi Twahira. "Wewe umefukia."

Chiku akajitetea taratibu kwamba amefukia makaa kwa majivu ili mchana jiko liwake haraka, asihangaike kupepea.

"Kuzima si kufukia, mwanangu. Ukifukia, moto bado umo."

Sinyati akaacha kuandika. Liwake haraka! Si Windows nayo ina mpangilio wa jina hilohilo, kuwasha haraka? Ukiuacha umewashwa, ukibonyeza zima, haizimi ng'o. Inafukia. Inajilaza na kadi ya Wi-Fi mkononi, Linux ikiamka inakuta kadi imeshikwa na mwenzake aliyelala. Sinyati alikuwa ameuondoa mpangilio huo siku ya kwanza kabisa alipoweka Linux, na kule kujisasisha kwa jana ndiko kulikourudisha. Lo! Mtu kazima na kuwasha tangu asubuhi, kumbe hajazima hata mara moja.

Akarudi Windows, akafungua mipangilio ya umeme, akakikuta kijisanduku kina tiki, kimetulia utadhani hakijafanya kosa. Akaitoa. Akazima, safari hii kuzima kwa kweli, akahesabu hadi thelathini, akawasha na kuchagua Linux. Majina ya mitandao yakajitokeza moja baada ya jingine, la duka la jirani, la kanisa, na la Bi Twahira juu kabisa. Sinyati akapiga ukelele mmoja, Chiku akaja mbio akidhani naye ameungua. Akakumbatiwa bila kuambiwa sababu.

Saa nne kasoro dakika sita alikuwa amekaa mbele ya jopo la watu watatu. Mwenyekiti, mama wa makamo aitwaye Elihuruma, alimtaka auhamishe mfereji mmoja na kuonyesha mashamba yatakayokosa maji. Akauhamisha palepale, mashamba yakabadilika rangi. Wakamuuliza la tatu ni la nani, akamtaja mwenye shamba, na ndizi zake, na ugomvi wake na jirani juu ya zamu ya maji. Wale wawili wakacheka. Walimweka dakika arobaini, na mwishoni ni wao waliokuwa wakimwomba awaonyeshe kipande kingine.

"Binti, wenzako wametuletea picha za ramani," alisema mwenyekiti. "Wewe umetuletea ramani. Unaweza kuanza Jumatatu?"

Kimya kikawa kirefu mpaka wale wa upande wa pili wakaanza kutazamana.

"Sinyati? Mtandao umekatika?"

"Haujakatika, mama. Nalia tu."