Aliyezikwa Ngitilini

"Mkono huohuo! Mkono huohuo ndio uliounyoosha!"

"Ningejuaje? Mliniambia?"

"Nani akwambie? Mama asimame mbele ya wanaume wa kijiji kizima aseme kule tumezika?"

"Ndiyo, angesimama! Mdomo si anao?"

"Na nafasi ya kusema aliipata wapi? Umepanda juu ya benchi kama mgombea. 'Ng'ombe wasogee, vijana tujenge.' Ukapigiwa makofi, meno yote nje."

Nkwabi akapiga teke ndoo tupu, ikabingirika mpaka kwenye mafiga. Mkewe, Esta, alikuwa amesimama mlangoni. Tangu waoane hajawahi kumpandishia sauti namna ile.

Kisa chenyewe kilianza miaka minne nyuma. Esta alijifungua mtoto wa kike, mtoto akaishi siku tisa, akafa. Nkwabi alikuwa mgodini Nyarugusu, chini ya duara, lile shimo la dhahabu, anagonga mwamba. Shimoni simu haishiki. Amepanda juu, amepata habari, amefika nyumbani, mambo yameshaisha. Na kwao mtoto ambaye hajaota meno, wanaume hawamziki. Wanakwenda wanawake, bibi wa mtoto ametangulia, na aliyezaa anabaki ndani. Hawaweki msalaba wala jiwe. Na mwanaume haulizi ni wapi. Nkwabi hakuuliza. Tuseme ukweli, alishukuru ilivyo mwiko kuuliza. Akarudi zake mgodini.

Kumbe mtoto alilala ngitilini. Ngitili ya kijiji, malisho ya akiba, ilikuwa nyasi na migunga, imefungwa tangu enzi za babu zao. Masika ng'ombe haingii, na shoka haliingii mwaka mzima. Ukikamatwa, sungusungu wanakula mbuzi wako. Limi, mama yake Nkwabi, alimpeleka mjukuu wake kule kwa sababu hiyohiyo: jembe la mtu halitamfikia.

Halafu mji ukasogea. Ikasemwa ngitili itolewe, ipimwe viwanja, watu wajenge. Mkutano ukaitwa. Nkwabi, mwanaume mzima, alikuwa bado analala na mke kwenye nyumba ya mama yake, ukuta wa udongo, ukikohoa huku unajibiwa kule. Alitaka kiwanja chake na bati lake. Akasimama akaongea, na ulimi anao, mikono ikanyooka kama mtama. Limi alikuwa amekaa nyuma na wanawake. Hakunyoosha, hakusema. Nkwabi alimwona, akadhani ni uzee.

Juzi greda likaingia. Limi alikuwa kule anaokota kuni. Akarudi bila kuni, akakaa chini, na tangu hapo hajatia kitu mdomoni. Asubuhi hii ndio kamnong'oneza mkwewe mtoto amelala wapi.

"Greda halijamaliza eneo lote," Nkwabi alisema. "Twendeni tumtoe, tumlete hapa nyumbani."

"Na mwiko?"

"Mwiko umeshapitiwa na greda, Esta. Chukua kanga."

Limi akatoka jikoni, ameshajifunga kiunoni. Akatangulia.

Walimkuta dereva wa greda, Chacha, kwenye kivuli cha mashine yake, anakunywa chai ya rangi.

"Shikamoo mama! Karibuni viwanja. Wahini vya kona, vinakwisha."

"Marahaba, baba," Limi akajibu, akapita.

Nkwabi akamweleza. Chacha akaacha kucheka. Akavua kofia, akaiangalia ndani kama kuna kitu.

"Kaka, mngeweka hata kijiti."

"Hatuweki."

"Sasa mimi ningeonaje? Mimi naona nyasi tu." Akamwaga chai iliyobaki. "Bodaboda imefuata dizeli. Ikifika tu natia moto mashine, bosi kila saa ananipigia. Chimbeni haraka."

Limi alikuwa anakumbuka migunga mitatu na kichuguu. Migunga ilikuwa imesukumwa pembeni, rundo moja na mingine yote, mizizi juu. Kichuguu hakuna. Uwanja wote ulikuwa sawa, umenyooka, na vijiwe vya mipaka vimepandwa vina namba nyekundu. Bibi alikwenda hatua kumi, akasimama, akarudi. Akaenda upande mwingine. Alitembea kama mgeni anayetafuta mlango gizani kwenye nyumba ya watu. Halafu ghafla akasimama.

"Hapa."

Esta akapiga magoti, akatandika kanga. Nkwabi akashika sururu.

Sasa, Nkwabi hakumaliza hata darasa la sita, lakini udongo anaujua. Udongo uliowahi kuchimbwa ukafukiwa, hata upite miaka kumi, sururu inakwambia. Unazama, haujashikana, na mweusi umechanganyika na mwekundu wa chini. Hapa sururu iligonga ikarudi. Akagonga tena. Ardhi ngumu, rangi moja, haijafunguliwa tangu Mungu aiumbe.

Akainua macho kumwangalia mama yake. Limi akayateremsha ya kwake.

Nkwabi akaelewa. Mama hakumbuki, na hata angekumbuka, angekumbukia kwenye nini? Amechagua tu mahali, kwa huruma, mkwewe apate kitu cha kubeba. Nkwabi akauangalia uwanja wote, akawaza agonge kila hatua mpaka apate. Lakini kaburi la mtoto wa siku tisa linakwenda chini kiasi gani? Na greda limekwangua kiasi gani? Huenda mtoto yuko kwenye rundo kule, chini ya mizizi. Huenda yuko barabarani. Mbali akasikia bodaboda inapanda.

Akaendelea kuchimba. Akafika magotini, jasho linaingia machoni. Nkwabi hajui kudanganya. Hata utotoni akiiba karanga alikuwa anajitaja mwenyewe.

"Nimempata," akasema.

Akachota udongo kwa mikono miwili, taratibu, akauweka kwenye kanga. Akachota tena. Akafunga fundo, akampa mkewe.

Esta akaupakata. Akaupima kwa mikono. Kisha akafungua fundo, akachukua bonge moja, akalivunja kwa vidole. Likavunjika kwa shida, ndani linang'aa.

"Huu haujaguswa."

"Esta, mke wangu..."

"Nimekulia Songwa, Nkwabi. Nimechekecha mchanga wa almasi kabla sijajua kusuka nywele. Huu haujaguswa na mtu."

"Yaya, hapana, mwanangu," Limi akasema, sauti imekwisha. "Nisamehe mimi. Nilitaka ulale usingizi."

"Mayu, mama yangu, wewe huna kosa. Wewe ulimficha pazuri."

Bodaboda ikasimama. Chacha akapokea dumu, akaanza kumimina, amewapa mgongo. Nkwabi alikuwa bado shimoni, mikono imejaa tope la jasho.

"Niambie nifanye nini," akasema. "Nichimbe wapi? Sema tu, nitachimba hapa mpaka waje na polisi."

"Ungeniambia hayupo. Neno moja tu. Ningekaa hapa na wewe, tukamlilia."

Akakung'uta kanga mara mbili, udongo wote ukaanguka. Akamfunika nayo mama mkwe mabegani. Greda likanguruma. Nkwabi akaita jina la mkewe, lakini mlio ukalimeza. Esta akageuka, akaiacha njia ya nyumbani, akashika ya kwenda lami, kwenye magari ya kwao, anatembea katikati ya vile vijiwe bila kuvikanyaga.