Kosa la Plastiki

Mwanamke wa dirisha la tatu alikishika cheti changu kwa ncha za vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza nyuma na mbele, kisha akakirudisha chini ya kioo bila hata kunitazama usoni.

“Hiki hatupokei. Kimelaminishwa.”

Nilifikiri ananitania. Nikacheka peke yangu.

“Lakini ni chenyewe, mama. Jina langu hilo hapo, namba hiyo hapo, muhuri huo hapo.”

“Muhuri nauona. Utaratibu unataka niuguse.” Akapitisha kidole gumba juu ya plastiki ili na mimi nione. “Sisikii kitu. Inaweza kuwa picha ya muhuri. Leta cheti halisi kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo usajili unafungwa, na nafasi yako anapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Anayefuata!”

Nilimpa jina palepale: Mama Utaratibu. Na nilimchukia palepale, kwa moyo wangu wote, yeye na kidole chake.

Nilikuwa nimepima maji kwa miaka minane katika maabara ya mamlaka ya maji kwetu. Nimechukua sampuli kwenye visima vilivyonuka, kwenye matangi yenye panya, kwenye mabomba ambayo wakubwa waliapa ni safi. Niliomba nafasi ya shahada ya uzamili katika chuo hiki cha ng'ambo mara tatu. Mara ya tatu nikakubaliwa, nikaandika barua ya kuacha kazi, nikarudisha ufunguo wa chumba nilichopanga, nikagawa kitanda na jiko. Kwa hiyo Ijumaa ikipita hivihivi, sikuwa na kazi ya kurudia wala mlango wa kufungua. Yote hayo kwa sababu ya plastiki nyembamba kuliko ukucha.

Sikuwa na haja ya kuuliza nani kaifanya. Kazi ile naijua kwa kuitazama tu: kingo zimekatwa sawasawa, pembe zimekatwa mviringo kwa mkasi ili zisimchome mtu, hakuna povu hata moja. Ni kazi ya Baba.

Baba ana duka la fotokopi na laminesheni, miaka ishirini na sita sasa, na kitu akikipenda hukipitisha kwenye mashine. Kadi yangu ya kliniki imo ndani ya plastiki. Ripoti yangu ya darasa la tatu, niliposhika nafasi ya thelathini na nane kati ya arobaini, imo ndani ya plastiki, na aibu yake yote. Jikoni kwetu kuna kikaratasi alichokiandika Mama asubuhi moja, “Nimetoka kidogo, chai iko kwenye chupa,” na hakurudi, kwa sababu gari lilimgonga akivuka barabara. Baba alikilaminisha wiki hiyohiyo, akakipigilia ukutani. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Na siku ya safari, asubuhi, alinikabidhi cheti changu cha chuo kikuu kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa safi. “Sasa hata mvua ikunyeshee huko, mama, shahada yako hailowi.” Nikamkumbatia. Nilipokumbuka kwamba nilimkumbatia, mori ukanipanda zaidi.

Nilimpigia nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi ya usajili, wanafunzi wenzangu wakinipita na vitambulisho vyao vipya shingoni.

“Baba, nani alikutuma ukilaminishe cheti changu?”

“Kwani kimeharibika?”

“Wamekikataa! Wanasema si halisi. Ijumaa wananifukuza!”

“Ngoja kwanza, mwanangu. Tulia uniambie polepole.”

“Sitaki kutulia! Umeniharibia maisha, wewe na mashine yako! Kila kitu lazima ukitie kwenye plastiki. Mama amekufa, Baba. Plastiki haijamrudisha!”

Watu wawili kwenye ngazi waligeuka kunitazama. Lugha hawakuijua, ila hasira haihitaji mkalimani. Kwenye simu nilisikia feni ya dukani ikizunguka, na mteja akiuliza kama fotokopi zake ziko tayari.

“Nimekusikia,” Baba akasema. Akakata.

Jumanne nilinunua nyembe. Niliketi kwenye meza ya chumba changu cha hosteli, nikaanza kuchana ukingo mmoja taratibu, kwa mkono uleule unaopima matone bila kutetemeka. Plastiki ikafunguka vizuri kwa upana wa kidole. Kisha karatasi ikaanza kubanduka pamoja nayo, na herufi mbili za mwisho za jina la babu yangu zikabaki zimeng'ang'ania plastiki. Nikatupa wembe ukutani. Nikatukana. Nilimtukana Mama Utaratibu, nikaitukana mashine, nikamtukana mtu aliyegundua gundi. Sasa cheti kilikuwa kibovu kwa mkono wangu mwenyewe, na hata hilo nililiweka kwenye hesabu ya Baba.

Jumatano masomo yalianza. Mhadhiri alisoma majina, la kwangu halikuwemo. Maktaba ilikuwa na mlango unaofunguka kwa kitambulisho, na mlinzi wake aliniambia nisisimame pale, nazuia njia. Chuo changu cha nyumbani kilijibu barua pepe yangu kwa mstari mmoja: cheti hutolewa mara moja tu. Nilisoma mstari ule mara sita. Sikulia. Nilikuwa nimevimba kwa hasira hata machozi hayakupata pa kupitia.

Alhamisi mdogo wangu alinitumia ujumbe: “Dada, Baba hajafungua duka tangu juzi. Amevaa lile koti la msiba wa Mama, amebeba bahasha, hasemi anakoenda. Mmegombana?”

Nikamjibu: “Mwambie atulie nyumbani. Alichofanya kinatosha.”

Niliandika hivyohivyo, nikabonyeza kutuma.

Ijumaa saa tano na nusu nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la tatu. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Kama wananifukuza, basi Mama Utaratibu angenikumbuka mpaka siku anastaafu.

“Aa, wewe,” alisema nilipofika. “Barua yako imekuja jana jioni.”

“Barua gani?”

Akageuza kompyuta yake kidogo. Ilikuwa imetoka kwa msajili wa chuo changu cha nyumbani, imetumwa moja kwa moja. Alithibitisha namba ya cheti, mwaka, daraja la ufaulu. Alieleza kwamba mzazi wangu alikuja kuomba cheti kipya, na kwamba jambo hilo haliwezekani, lakini alikuja na nakala aliyoitoa kabla ya kukilaminisha, na nakala hiyo inalingana na kumbukumbu za chuo. Chini kabisa kulikuwa na sentensi nyingine: “Baba wa mhitimu, aliyekaa kwenye benchi la ofisi yangu siku mbili, ameniomba niandike pia kwamba kosa la plastiki ni lake yeye, binti yake hana kosa.”

Nikaisoma. Nikashika ukingo wa dirisha.

“Barua kama hii,” nikamuuliza Mama Utaratibu, “ingetosha tangu Jumatatu?”

“Ingetosha. Utaratibu unaruhusu.”

“Mbona hukuniambia?”

“Hukuuliza.”

“Sikuuliza?” Sauti yangu ilifika mpaka mwisho wa foleni. “Ningeulizaje kitu nisichojua kipo? Mzee wa miaka sitini na nane amekaa kwenye benchi siku mbili kwa sababu wewe ulishindwa kusema sentensi moja! Sentensi moja, mama!”

Akachapa kadi yenye picha yangu, akaiweka ndani ya plastiki, akafungua kabati iliyokuwa nyuma yake. Ndani kulikuwa na mashine ya laminesheni. Ndogo, ya kijivu, taa yake bado nyekundu. Akaitia kadi yangu humohumo bila kusubiri. Harufu ya plastiki ya moto ikanifikia chini ya kioo. Ndiyo harufu ya mashati ya Baba, ndiyo harufu ya baada ya shule, nikiandika kazi zangu chini ya kaunta yake.

Nilitoka nje na kadi mkononi, bado ya vuguvugu, nikapiga simu. Ililia mara moja tu.

“Eeh, mama. Wamekupokea?”

“Wamenipokea, Baba.”

Alishusha pumzi ndefu. Nyuma yake palikuwa kimya, feni haikuwaka.

“Baba, lile neno nililosema kuhusu Mama. Nisamehe.”

“Liliniuma,” akasema. “Sikufichi. Tangu siku ile sijaiwasha mashine.”

Nikaitazama kadi.

“Baba, kitambulisho wamekilaminisha.”

“Nani?”

“Haohao. Dirisha lilelile. Na kina mapovu. Moja liko juu ya jicho langu.”

Kisha nikaisikia sauti yake ikipanda, sauti ya dukani, ile anayomfokea nayo mteja anayeleta karatasi iliyokunjwa.

“Mapovu? Taa ilikuwa ya rangi gani?”

“Nyekundu.”

“Nyekundu! Watu wazima hao! Wanakataa kazi yangu halafu wanapitisha kadi kwenye mashine ambayo haijapata moto vizuri? Ofisini pamefungwa?”

“Bado dakika kumi.”

“Basi rudi. Waambie wasubiri taa iwe ya kijani, waweke karatasi safi juu ya kadi, waipitishe tena taratibu. Usikubali kazi mbaya, mwanangu. Sura yako hiyo.”

Nikageuka. Nilipita mbele ya foleni nzima, nikaiweka kadi kwenye dirisha la tatu, na simu kando yake, sauti ikiwa juu.

“Mama,” nikasema, “kuna fundi hapa anataka kuongea na wewe. Mimi nitatafsiri.”