Shairi la Chai ya Baba

Jarida letu, Nyeleti, lilipotoka na shairi moja kwa Kironga, lugha yetu ya nyumbani, nilijua tumechokoza nyuki. Rogério, mhariri, alikuwa amenisihi nilitafsiri. "Dada Alzira, weka Kireno. Watawala lugha wasiyoielewa wanaiogopa." Nikamjibu kwa ukali waogope tu, sikuwaandikia wao. Jina langu hatukulitia. Siku chache baadaye Rogério akakamatwa, na mimi usingizi ukanihama.

Kisha wakaja mtaani kwetu Mafalala: mpelelezi wa Kireno na askari mweusi, Tovela, wakipita nyumba kwa nyumba kumsaka mtunzi. Mama alikuwa uani anatwanga karanga. Hajui kusoma, wala hakujua kwamba naandika. Nilitaka kumwambia asifungue kinywa, lakini nimwambieje mbele yao?

"Soma," Mreno akamwamuru Tovela, akimpa jarida, huku akitukodolea macho sisi.

Tovela akasoma kwa Kironga: "Walimchukua kwenda kazi ya shuruti, chai bado ya moto mkononi..."

Mama akaacha kutwanga. Mungu wangu! Maneno yalikuwa yake. Hivyo ndivyo alivyonisimulia Baba alivyochukuliwa, na alinisimulia mimi tu.

"...nikawaomba aimalize kwanza," Tovela akasoma, akasita kugeuza ukurasa.

"Wakasema atakunywa akirudi," Mama akamalizia, machozi yakimtoka, akamgeukia Tovela. "Wee mwanangu, habari za mume wangu umezipata wapi?"

Tovela akageuza ukurasa, akauona mstari uleule. Uso ukamsawijika.

"Kasema nini huyo?" Mreno akauliza.

"Anauliza kama mtakunywa maji, bwana."

"Analilia maji? Unanifanya mjinga?" Akamzaba Tovela kofi, akamshika Mama mkono. "Huyu analijua shairi. Nani kaliandika?"

Kireno cha sokoni Mama anakijua. Akanitazama, na nikaona ameelewa kila kitu.

"Mimi," akasema.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Hajui kuandika hata jina lake! Nimeandika mimi!"

Mama akanichapa kibao cha uso ambacho hajawahi kunichapa tangu nizaliwe. "Mwongo huyu! Anapenda sifa tu, msimsikilize!"

Tovela akainamisha kichwa. Mreno akacheka, akaenda kufungua milango yote miwili ya nyuma ya gari lao, mmoja wa Mama na mmoja wangu.