Damu ya Persis Imerudi

Persis wa Manga alikuwa akikama ng'ombe, umande haujakauka kwenye majani ya chai, mfuko wa damu ulipoingia bomani. Ulipita kando ya migomba, ukakwepa kuku, ukaingia jikoni na kupanda kwenye kigoda. Chini yake ulikuwa na tope jekundu la njia ya miguu. Persis alimaliza kukama kwanza. Ng'ombe ukimwacha katikati hununa siku nzima, na damu ilikuwa imeshafika.

Aliuinua mfuko. Bado ulikuwa na ubaridi wa friji. Lebo hakuisoma, kwa sababu mtu huijua damu yake.

"Wameiuza tena," akasema.

Damu hiyo aliitoa kwenye hema lililosimamishwa sokoni, yeye na majirani, kila mtu na sababu zake. Mogire alitoa ili apimwe presha na magonjwa bila kulipia. Wanakwaya walitoa kwa sababu tangazo lilisomwa kanisani na mke wa mchungaji alikuwa ameshatangulia. Ombati alitaka kujua mambo yanavyokwenda.

"Sista, sisi tunalipwa ngapi?"

"Soda na biskuti, mzee."

"Basi hiyo soda iwe kubwa."

Watu walicheka, na Ombati akajilaza kitandani akakunja mkono wa shati kama wengine.

Sababu ya Persis ilikuwa ya zamani. Alipomzaa Lorna, binti yake wa kwanza, alivuja damu hadi macho yakaingia giza, akawekewa damu ya mtu asiyemjua. Tangu hapo anaelewa Kisomali. Akipita kwenye maduka ya nguo Kisii mjini husikia wenye maduka wakiambiana bei ya chini kabisa, na hanunui juu ya hapo. Lakini mwenye damu ile hakumpata kamwe, hata baada ya kuwaangalia usoni mmoja mmoja. Hilo lilimuuma. Siku sista alipomwambia kwamba damu yake ni ya kundi adimu, na kwamba karibu mtu yeyote anaweza kuwekewa, Persis alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara, pikipiki zikimpisha.

Damu hiyo ikitolewa bure hutulia kwenye friji mpaka ipate mgonjwa. Pesa zikipita juu yake, hutoka ikarudi nyumbani. Majirani hawakuona ajabu. Walisema ng'ombe wa mahari naye hurudi kwao asipopendezwa na boma jipya, sembuse damu ya Persis, ambaye mwenyewe hasukumwi. Kilichomkera Persis ni kitu kingine. Damu ikirudi Manga, kuna mtu kitandani Kisii amelipia, na bado anasubiri.

Aliupangusa mfuko, akaufunga kwa leso kifuani kama mtoto mchanga, akashuka hadi stendi ya boda boda.

"Mama Lorna, imerudi?" Onyiego alimuuliza, akiwasha pikipiki.

"Imerudi."

Onyiego alimtoza nauli ya mtu mmoja. Zamani aliwahi kutoza na ya mfuko, nao ukashuka kwenye kona ukaanza kupanda mlima kwa miguu. Tangu hapo wameheshimiana.

Hospitalini, kwenye dirisha la damu, alikaa Lewis, kijana wa tai safi na maneno laini. Mbele yake alisimama mwanamume mwenye vumbi jeupe la mawe ya Tabaka hadi kwenye nyusi. Huyu alikuwa Masese, mchongaji. Mkewe Valentine alikuwa amejifungua alfajiri, na damu ilikuwa haijakatika. Masese alikuwa ameuza mashine yake ya kukatia mawe, akampa Lewis pesa zote.

"Vumilia, kaka," Lewis alikuwa akisema. "Damu iko njiani."

Hapo hakudanganya. Persis alimpita bila salamu, jambo ambalo kwao ni tusi tosha, akamshika Masese mkono, wakaenda wodini.

Sista Nyangate aliipokea damu, akaikagua, akailinganisha na ya mgonjwa, akautundika mfuko kwenye chuma. Valentine alikuwa amelala, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, mtoto amefungwa pembeni yake. Sista alifungua mrija. Damu haikushuka. Aligusa sindano, akanyoosha mrija, akaangalia tena. Kisha mfuko ukajichomoa kwenye chuma, ukaanza kuteremka kuelekea mlangoni.

"Nani amelipa?" Persis aliuliza.

Kisha akahisi mkoba begani umekuwa mzito, akaufungua. Ndani kulikuwa na bakuli la mawe ya Tabaka, la waridi, lililong'arishwa hadi likaonyesha sura ya mtu. Masese alikuwa amelipenyeza walipokuwa wakipanda ngazi.

"Chukua bakuli lako," Persis alisema.

"Mama, siwezi. Mke wangu atawekewa damu ya mtu bure? Kwetu Tabaka mtu hapokei kitu hivi hivi, akaenda mikono mitupu."

"Na mimi damu siuzi. Si kwa pesa, si kwa bakuli."

"Si kuuza, mama. Ni shukrani tu."

"Lewis naye huiita hivyo hivyo."

Masese aliinamisha kichwa. Alikuwa fundi wa kutegemewa, aliyejenga nyumba kwa patasi yake, na hapo alionekana amevuliwa nguo mbele za watu. Persis alimwonea huruma, lakini hakurudi nyuma. Mfuko ulikuwa umeshafika kwenye kitanda cha tatu.

"Sikiza, mwanangu. Mimi pia niliwekewa. Huu mwaka wa ishirini na kitu sijui nimpe nani asante. Inauma, lakini haiui. Beba tu."

Masese alimtazama mkewe. Kisha akanyoosha mikono miwili, akalipokea bakuli lake kutoka kwa Persis kama mtu anayepewa mtoto.

"Mbuya mono," alisema. "Asante, mama."

Mfuko ulisimama. Ukageuka, ukarudi, sista akautundika, na damu ikaanza kushuka tone kwa tone. Persis alivuta kiti akakaa kuitazama, kichwa juu, kwa fahari ya mama anayemtazama mwanawe akipewa zawadi shuleni. Mchana midomo ya Valentine ilirudiwa na rangi. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama ng'ombe wa Manga ameshakamwa.

Masese alikwenda dirishani kudai pesa zake. Lewis alimsikiliza kwa adabu.

"Kaka, kwani damu haikufika?"

Masese aliondoka bila hata shilingi. Sasa anakata mawe kwa msumeno wa mkono. Kila gari la kukusanya damu likija Tabaka yeye huwa mbele kwenye foleni, na mifuko yake nayo imeanza kurudi nyumbani, ikiwa na vumbi jeupe. Ya Ombati pia hurudi. Asubuhi watu wa Manga hukutana stendi na leso zao na vikapu vyao, wanaulizana kama imerudi, wanapanda pikipiki.

Malalamiko yaliufikia uongozi wa hospitali. Kikao kiliitwa, chai ikanywewa, ikaamuliwa kwamba damu inatoroka. Wakanunua kufuli jipya la friji.

Wiki hiyo hiyo Persis alikuwa akikama mfuko ulipoingia, kufuli likining'inia kwenye mrija. Alimaliza kukama. Akaliweka kufuli dirishani pamoja na yale mengine, akapangusa tope, akajifunga leso.

"Endesha pole kwenye mashimo," alimwambia Onyiego. "Hii ni ya mtu."