Kopo Linalotaka Maziwa

Leo asubuhi nilikuwa nasugua kibuyu cha maziwa. Ng'ombe hayupo tena, ila mikono ilikwenda yenyewe: nikasugua, nikasuuza, nikakitundika mahali pake. Ndani mtoto wa dada Felisita alikuwa analia, kile kilio chembamba cha mtoto anayevuta titi na halimtoshi.

Ng'ombe aliletwa na mayu, mama yetu. Alimswaga kutoka kijijini hadi hapa Somanda, Felisita akiwa na mimba changa. Kwetu binti akishika mimba hutafutiwa ng'ombe wa kukamua, ili anywe uji wa maziwa na mtoto apate cha kunyonya. Mimi nilikuwa naona aibu kwenda shule nikinuka zizi.

Halafu akaja Violeth, muuzaji, koti jeupe, begi la makopo ya unga wa lishe. Mimi ambaye darasani hata jina langu naliitikia kwa kunong'ona, nilimsikiliza nikatamani mdomo ule uwe wangu.

"Baba kijacho," alimwambia shemeji Luhende, "unataka mtoto mwenye akili, au unataka mtoto tu?"

Shemeji akacheka, akajikuna shingo. "Mwenye akili."

"Sasa unangoja nini? Akishazaliwa tu, mama anaanza kunywa hili. Yamebaki haya, na kuna mama mwingine hospitali ananisubiri."

"Tumngoje mayu tumuulize," dada akasema.

"Mama yako alizaa enzi za duka la ushirika, mdogo wangu. Siku hizi soko ni huria, ukizubaa mwenzako anabeba." Akageuka kumtazama shemeji. "Mtoto akija kushika mkia darasani, utamwambia ulimpenda zaidi ng'ombe?"

Shemeji hakucheka tena. Siku ya mnada, ng'ombe akaenda, kopo likaja. Nilimwona dada amesimama mlangoni, mkono tumboni, anautazama ule mti tuliokuwa tunamfungia. Mimi nilifurahi, uwanja ulikuwa hauna mavi.

Juzi dada alijifungua. Leo mayu amefika, akasalimu, akambeba mjukuu, kisha akatafuta kibuyu.

"Ng'ombe yuko wapi?"

Shemeji akaonyesha kopo mezani. Mayu akalitazama.

"Haya," akasema. "Likamueni."

Ndipo tukalifungua. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama chawa. Nikasoma: koroga vijiko viwili kwenye glasi ya maziwa ya moto. Usitumie maji.

"Soma tena," shemeji akasema.

Nikasoma tena. Akatoka nje, akakaa kwenye kile kigoda alichokuwa anakalia kukamua. Kiangazi hiki jirani zetu wenye ng'ombe wanapata maziwa ya ndama tu, hawana ya kuuza. Baadaye akaniita, akanipa simu yake.

"Wewe unajua kuandika vizuri. Muulize."

Nikaandika: *Shikamoo dada Violeth. Ni mimi mdogo wake Felisita wa Somanda. Mtoto amezaliwa, ni wa kike. Kopo linataka maziwa. Tufanyeje?*

Ujumbe ukafika. Tangu hapo simu imelia mara moja, tukaruka wote. Ilikuwa kampuni ya simu, inatutangazia zawadi.

"Bado?" shemeji anauliza kutoka nje.

Bado.