Mtindo Mmoja kwa Wateja Wote

Hakuwa na nywele utosini, hakuwa na shahada, hakuwa na kiti kisichoyumba. Hakuwa na ule ulimi mtamu wa kumfanya mgeni acheke kabla hajaketi. Gari hakuwa nalo, na mtoto wa kiume wa kurithi jina lake pia hakuwa naye. Vyote hivyo alikwisha kuviaga kwa moyo mweupe. Kimoja tu kilimshinda kukiaga: hakuwa na akili ya mdogo wake. Na yeye mwenyewe ndiye aliyemshika mdogo huyo mkono na kumwingiza kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza vitabu vya vipuri vya magari. Kila kipuri, kuanzia bolti hadi sanduku la gia, kiliandikwa ndani ya faili moja kubwa la kompyuta, la aina iitwayo XML, kimefungwa katika lebo zake: jina, namba, uzito, gari kinalolifaa. Faili kama hilo halisomeki na mtu mwenye haraka zake. Ndiyo maana huandikwa mtindo, programu fupi inayoliuliza faili maswali, ikachambua majibu na kuyapanga kuwa kurasa. Kaka Mkubwa, kama ofisi nzima ilivyomwita tangu mdogo wake aingie, alimwandikia kila mteja mtindo wake. Muuza matrekta alikuwa na wake, muuza matairi wake, wenye mabasi wao. Maswali aliyashona humo humo ndani, na mteja akibadili nia, alifumua na kushona upya. Majirani waliposikia kwamba mwenzao anafanya kazi ya mitindo, walimletea vitambaa.

Kitindamimba, ndiye huyo mdogo wake, alipoingia, hakufumua kitu. Aliandika mtindo mmoja tu, na mahali pa swali akaacha pengo. Swali lilikuja na oda ya mteja, kama maandishi matupu: breki zote za malori ambazo uzito wake hauzidi kilo mbili. Mtindo ukifika kwenye pengo, uliyasoma maandishi yale, ukayageuza kuwa swali la kweli na kulitekeleza papo hapo. Mteja mwingine, swali jingine, mtindo ule ule.

Siku ya kuuonyesha, msimamizi wa ofisi, mama wa maneno mengi, alipiga kofi mezani.

"Kitinda, wewe si mtu! Kaka Mkubwa, umeona?"

"Nimeona."

"Mbona sura imekunjamana kama shati la jana?"

"Ndiyo sura yangu."

"Haya. Na ile mitindo yako ya zamani tuipeleke wapi, makumbusho?"

Watu wakacheka. Kitindamimba hakucheka, na hilo lilimuudhi kaka yake kuliko kicheko chenyewe.

Mwenye kampuni alikuwa bibi mmoja aliyeishi mji mwingine, asiyeamini neno lolote lisiloandikwa kwa kalamu na kutiwa sahihi. Wiki ile alimwandikia Kaka Mkubwa kumuuliza mambo mawili. Je, mtindo huu mpya uchukuliwe kwa wateja wote? Na je, aliyeuandika afanywe mkuu wa kitengo? "Neno lako ndilo nitakalolifuata," alimalizia. Cheo hicho cha ukuu, Kaka Mkubwa alikuwa amekisubiri hadi mvi zikamchoka.

Nyumbani alikaa mbele ya sahani akaitazama.

"Chakula hicho kinaliwa kwa macho?" mkewe aliuliza.

"Sina njaa."

"Ni shemeji yangu, siyo? Mume wangu, ukiendelea hivi utamwonea wivu hata paka kwa kujua kulala."

"Nani kasema wivu?"

"Masikio yako. Yamekuwa mekundu."

Kesho yake alijifanya mteja, akaanza kuutafutia mtindo ule aibu. Aliandika swali lenye mabano yasiyofungwa. Mtindo ukamjibu kwa adabu kwamba swali lina kosa. Akaandika swali linalotaja siri za ndani ya mtindo wenyewe. Ukamjibu kwamba maandishi yanayotoka nje hayayaoni mambo ya ndani. Adabu hiyo ilimchoma. Mwishowe aliandika swali lisilohusu vipuri kabisa: fungua faili la bei alizopatana muuza matairi na kampuni.

Mtindo ukalifungua. Bei za mtu mwingine, ambazo hata wao ofisini hawakuruhusiwa kuzitaja, zikajipanga kwenye kioo cha kompyuta kwa mistari mizuri.

Alifurahi. Aibu nayo ilikuja, lakini ilichelewa. Ilikuta furaha imeshakalia kiti. Alichukua karatasi, akaanza: "Bibi mpendwa, mtindo huu ni hatari kwa kampuni yako." Kalamu iliteleza yenyewe.

"Shikamoo kaka." Kitindamimba alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha chai.

"Marahaba." Akaifunika karatasi kwa kiwiko.

"Unamwandikia Bibi? Usinipambe sana, bwana."

"Sina mpango huo."

Mdogo wake akacheka, akidhani ni mzaha, akaketi kwenye pembe ya meza. "Unajua nimeutoa wapi ule mtindo? Kwako. Niliisoma mitindo yako yote. Nikaona inafanana kila kitu isipokuwa maswali. Nikasema, kumbe maswali yakitolewa, unabaki mtindo mmoja tu."

Laiti angenyamaza. Kaka Mkubwa aliweza kuvumilia akili iliyotoka mbali. Hii ilikuwa imetoka kwenye droo yake. Miaka yote hiyo alikuwa amesimama mbele ya mlango ule ule, anafuta vumbi kitasa, wala hakuusukuma.

"Mtindo wako mwizi," alisema. Hakukusudia kusema, alikusudia Bibi ndiye aseme. "Njoo uone."

Kitindamimba alizisoma zile bei. Akaweka kikombe mezani, uso umemsawijika.

"Kaka, hii Bibi akiiona nimekwisha."

"Umekwisha."

Ndiyo sura aliyoitaka kwa wiki nzima, na sasa ilikuwa mbele yake. Aliitazama, akaiona ndogo.

"Subiri," mdogo wake akasema, akavuta kompyuta. Akaupa mtindo amri kwamba swali lolote la mteja lipewe faili la vipuri peke yake, na kila neno la kufungua faili jingine likataliwe kabla swali halijatekelezwa. Kaka Mkubwa akarudia swali lake la wizi. Likakataliwa. Akalizungusha kwa njia nyingine. Likakataliwa. Chai ilikuwa bado ya moto, na wivu ukarudi mzima mzima, na mizigo yake. Yeye angehangaika juma zima.

"Jamani!" Kitindamimba akapaza sauti. "Kaka kaniokoa! Kaona shimo ambalo mimi sikuliona!"

Wakampigia makofi. Hakuweza hata kukasirika, maana alikuwa amenyang'anywa sababu.

Aliichana barua, akaandika nyingine. "Uchukuliwe. Aliyeuandika anafaa kuwa mkuu wa kitengo, nami nitafanya kazi chini yake." Kwenye "chini" kalamu ilisimama muda mrefu, wino ukavimba kidogo. Akasonga mbele. Akatia sahihi. Kisha, chini ya sahihi, akaongeza mstari mmoja: "Kasoro iliyokuwamo niliiona mimi."

Akausoma tena mstari huo. Ulikuwa wa kweli, na ulikuwa wa kijinga. Akauacha.

Akakunja karatasi, akalamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba kuanzia pembe hadi pembe. Tarishi wa ofisi aliponyoosha mkono kuipokea, Kaka Mkubwa alikataa kumpa. Alijijua, angeikimbilia ngazini kuirudisha. Aliteremka mwenyewe hadi kwenye sanduku la posta mtaani, akaisukuma ndani.