Sitini ya Bibi Chapa

"Imekataa tena," alisema karani wa masijala, akirefusha shingo kuitazama skrini isiyomhusu. "Inadai nukta-mkato."

"Na hii hapa ni nini? Inzi?" Bibi Chapa aliigusa nukta-mkato yake kwa ncha ya ukucha.

Ilikuwapo kweli. Ilikaa mwishoni mwa mstari, mahali pake hasa, na darasa zima la watu wazima waliokusanywa pale ofisini kujifunza Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, waliweza kuiona. Kompyuta peke yake ndiyo iliyokaza uzi: mstari wa nne, nukta-mkato haipo. Bibi Chapa akaongeza ya pili. Ikakataa. Akaongeza ya tatu, akiigonga kwa nguvu ili isikike vizuri. Ikakataa kwa maneno yale yale, kama karani wa dirishani aliyebakiza dakika tano afunge.

Mstari wenyewe haukuwa wa kumtoa mtu jasho. Ulisema tu kwamba umri wa kustaafu ni sitini.

Mwalimu akaja, kijana mpole aliyelingana na kitindamimba wa Bibi Chapa, akavuta kiti. "Tuanze mwanzo, mama. Mabano umeyafunga?"

"Nimeyafunga."

"Jina la faili linafanana na la klasi, yaani jina la programu yenyewe? Herufi kubwa kwa kubwa?"

"Kama pacha."

Mwalimu alikuwa na maswali sita hivi ya wanaoanza, na kwa kawaida hakuna tatizo lililofika la nne likiwa hai. La Bibi Chapa lilifika la sita likipumua vizuri tu. Mwalimu akakuna kichwa. Akaufuta mstari wote, akauandika upya yeye mwenyewe, neno kwa neno, akaendesha programu. "Umebakiza miaka 2," ikasema kompyuta, maana umri ambao Bibi Chapa alikuwa ameujaza ulikuwa wake mwenyewe, hamsini na minane.

"Haya, sasa wewe."

Bibi Chapa akaufuta, akauandika. Ikadai nukta-mkato.

"Labda haikupendi," alisema karani, na darasa likacheka. Bibi Chapa alicheka nao, lakini kicheko chake kiliishia midomoni. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mtihani ulikuwa kesho yake saa nne.

Kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa mpiga chapa wa ofisi ile, na jina lake la utani alilipata kwa haki. Alipiga maneno sabini kwa dakika huku macho yako kwenye karatasi na masikio yako kwenye umbea wa meza ya pili. Wakubwa walikuja na kuondoka, lakini barua zao zote zilitoka chini ya vidole vyake, hazina kosa wala alama ya kufuta. Kisha mwezi uliopita tangazo likabandikwa mlangoni: chumba cha wapiga chapa na masijala vinafungwa. Atakayefaulu mtihani wa Java atahamia kitengo cha kompyuta. Atakayeshindwa atastaafishwa mapema na kushukuriwa kwa barua.

"Hiyo barua ataipiga nani?" Bibi Chapa aliuliza.

Shida ya kustaafu ilikuwa mumewe. Alimpenda, asisingiziwe. Lakini mzee huyo, fundi bomba, alikuwa ameacha kazi mwaka juzi, na tangu hapo alikuwa amelifungua bomba la jikoni mara nne, la bafuni mara mbili, na tangi la choo hakuna ajuaye ni mara ngapi. Vyote vilikuwa vizima kabla hajavigusa. Kila jioni Bibi Chapa alirudi akaikuta nyumba iko vipande vipande, na mume yuko katikati yake ana furaha kama bwana harusi. Kushinda humo tangu asubuhi amshikie spana, aliona hataweza. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Aliviogopa vidole vyake. Hakujua vingefanya nini vikiamka siku moja vikakuta hakuna kazi.

Jioni ile alimkuta chini ya sinki, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Umefika, mke wangu? Nipe hilo tambara."

Alimweleza huku akilitafuta tambara. "Mwalimu akiandika, inakubali. Nikiandika mimi, inakataa. Na maneno ni yale yale, nakuapia."

Miguu ikatulia kidogo. "Umeangalia mkono?"

"Mkono gani?"

"Nilikuwa na mteja mmoja, bomba lake linavuja akilifunga yeye tu. Nikilifunga mimi, kavu. Nimebadilisha mpira wa ndani mara tatu. Siku ya nne nikamwambia, hebu lifunge nikuone. Kumbe analifunga mpaka mwisho, halafu analirudisha kidogo, eti lipate kupumua! Siku zote hizo mimi natazama bomba. Si ningemtazama yeye?"

Bibi Chapa alibaki amesimama na tambara mkononi, akasahau kumpa.

Ijumaa alifika kabla ya wafagiaji, akamngoja mwalimu mlangoni.

"Leo skrini iache, mwanangu. Nitazame vidole."

Mwalimu akainama. Vidole vikaruka juu ya kibodi bila kugombana, na kwa muda kijana wa watu alisahau alichoitiwa. Kisha akasema, "Hapo kwenye sitini. Rudia polepole."

Bibi Chapa akapiga sita. Kidole kidogo cha kushoto kikabana kitufe cha herufi kubwa, na cha pete cha kulia kikapanda, kikagonga O.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Sifuri."

"Hiyo ni herufi. Ni O ya 'ofisi'."

"Si ndiyo sifuri hiyo? Ina tofauti gani?"

Mwalimu akajikuta amekaa. "Hebu niandikie na moja."

Kidole kile kile cha pete kikashuka, kikagonga l ndogo, ile ya 'likizo'.

"Lakini moja iko kule juu, mama. Mwanzoni kabisa mwa safu ya tarakimu."

Bibi Chapa akapatazama pale kana kwamba ameonyeshwa chumba asichokijua katika nyumba yake. Kwake yeye tarakimu zilianza na mbili. Taipureta aliyojifunzia haikuwa na moja wala sifuri. Waliounda mashine ile waliona l na O zinatosha. Mkufunzi wao alikuwa na rula, na msichana aliyeitafuta moja huko juu alichapwa nayo kwenye vifundo vya vidole. Tangu hapo, kila tarehe na kila namba ya jalada iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na herufi ndani, na hapakuwa na mkubwa hata mmoja aliyegundua.

"Kompyuta imeona sita, halafu ikaona herufi," alisema mwalimu. "Ikadhani sita imekwisha na neno jipya limeanza. Nukta-mkato inaidai hapo katikati, siyo mwishoni." Akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa.

"Miaka thelathini na mitatu," alisema Bibi Chapa, naye akicheka mpaka akashika mbavu, "nimewachezea shere wakubwa wote!"

Ila kidole hakikuyasikia hayo. Alijaribu mara tano, na mara zote tano kilimtangulia. Saa nne kasorobo alikwenda kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akakizungushia plasta mpaka kikawa kinene kama kidole gumba cha mumewe.

"Umeumia?" aliuliza karani wa masijala walipoketi.

"Kiko kifungoni."

Mtihani ulitaka programu itakayosema mfanyakazi amebakiza miaka mingapi kufika sitini, kisha iihesabu mmoja mmoja kuanzia wa kwanza. Mwanamke wa maneno sabini kwa dakika aliandika kama anayepapasa swichi gizani. Kila alipofika kwenye tarakimu, kile kidole kilitikisika ndani ya plasta yake. Wenzake walimaliza, wakatoka, wakarudi kuchungulia mlangoni. Hatimaye akapiga moyo konde, akaiendesha.

Umebakiza miaka 2.
Mwaka 1.
Mwaka 2.

Aliitazama sana ile moja. Sasa aliona kwamba ina kipua juu, kitu ambacho yake haikuwa nacho. Machozi yakamlengalenga, akasingizia skrini.

Ndani alikuwa amebaki karani wa masijala tu, shati limemganda mgongoni, kompyuta inamkatalia. Bibi Chapa alipompita alipunguza mwendo. "Faili umeliita kwa herufi ndogo," alinong'ona. "Klasi ina kubwa." Mwalimu wakati huo alikuwa ameona jambo la maana sana nje ya dirisha.

Alasiri alipewa karatasi yake: Jumatatu aripoti kitengo cha kompyuta. Akaenda nayo mpaka chumba cha wapiga chapa kuchukua mkoba wake. Wapagazi wawili walikuwa wameshatoa taipureta zote isipokuwa yake.

"Tuichukue, mama?"

"Bado kidogo."

Akakaa. Akaibandua plasta taratibu, akapachika karatasi tupu, akaandika: umri wa kustaafu ni 6O. Mashine haikudai kitu. Kidole kikashuka chenyewe kwenye l, kikaigonga, kikaigonga tena, moja baada ya moja, zikijipanga kuelekea ukingo wa karatasi, mahali ambapo mashine hulia kengele kwamba mstari unakwisha.

"Mama," alisema mpagazi, "gari linangoja."

"Subirini," alisema Bibi Chapa, bila kutazama vidole. "Kengele haijalia."